Kitambaa cha Msumarini

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu nilifungua bomba la jikoni, nikalisafisha, nikalifunga. Jumanne nikalifungua tena. Halikuwa bovu. Jumatano nilikaza miguu ya meza mpaka mbao zikalia, mwanangu Kulwa akasema, "Mama, si upumzike?" Kupumzika nako ni kazi, na hiyo sikufundishwa na mtu. Nakaa, nasimama. Natoka mpaka barabarani kusikiliza magari ya watu yanavyopita, hili nozeli mbovu, lile beringi inakufa, na mwenyewe anapita anapiga honi kwa raha zake. Mikono inatafuta kitu cha kushika. Ndiyo maana nimeipa kalamu.

Nawaandikia ninyi vijana mliobaki gereji pale Igogo. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie nukta na mikato. Mjukuu wangu Neema, ambaye mnafanya naye kazi, ananakili na kuzinyoosha herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa.

Mimi sikuja gereji kuwa fundi. Nilikuja na sufuria ya uji. Mume wangu alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, na nadhani aliipata, maana hakurudi. Mapacha wangu Kulwa na Doto walikuwa wadogo, na gereji ya Mzee Athumani ndiyo ilikuwa karibu na wenye njaa. Asubuhi moja mafundi wamezunguka lori wanabishana, mimi namimina uji. Nikasema tu, kama mtu anayeongea na kikombe, "Hilo linapiga silinda tatu, ya nne imenyamaza."

Wakacheka. Mzee Athumani hakucheka. "Umejuaje?"

"Nimesikia. Kwani ninyi hamsikii?"

Akalegeza bomba la nozeli moja moja. Alipofika la nne, injini haikubadilika hata kidogo. Silinda ya nne imekufa kweli. Akaweka kikombe chini. "Binti, kesho uji alete mwingine. Wewe njoo mikono mitupu."

Miezi ya mwanzo nilikuwa naosha vyuma kwenye beseni la dizeli mpaka ngozi ya vidole ikabanduka kama ganda la viazi. Fundi mmoja akaniuliza mbele ya wateja, "Mama, na gia boksi utabeba?" Nikamwambia nimebeba mapacha miezi tisa, na wenyewe walikuwa wanapiga mateke. Gia boksi halipigi teke. Hakuniuliza tena.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alinifundisha kitu kimoja kabla ya spana. Gari likigoma kuwaka, alisema, liulize maswali matatu, na uyaulize kwa mpangilio. Linazunguka? Linapumua? Linakula? Kuzunguka ni betri na stata, hilo unalisikia. Kupumua ni hewa. Mtu mmoja apige stata, wewe nenda nyuma, uweke kiganja kwenye mdomo wa ekzosi. Kama linapumua, litakupiga kiganja puf, puf, kama mtoto anayepoza uji. Kula ndiyo mafuta, na mafuta ni ya tatu. "Fundi mvivu anaanza na mafuta," alikuwa akisema, "kwa sababu mafuta anayaona."

Kitu cha pili alichonifundisha ni sheria ya gereji zetu za huku ziwani, ambayo mafundi wa Dodoma hawaihitaji. Ukifungua, ziba. Mnawajua wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka majini kama moshi wa shamba lililochomwa. Upepo ukiwageuzia Igogo, hamna chai wala mazungumzo, ukifungua mdomo umekula. Na injini iliyoachwa wazi nayo inakula. Wanaingia kwenye mabomba na ndani ya silinda, wanageuka uji mweusi. Kwa hiyo kila fundi alikuwa na vitambaa vyake, na wingu likitokea kila mtu anakimbilia tundu lake. Mimi nilichana khanga yangu kuukuu, ya kijani yenye korosho za njano. Kitambaa changu ukikiona popote unajua ni cha Mama Kulwa. Na aliyeziba ndiye azibue. Kitambaa cha mwenzako hukigusi, hata kama gari linaungua.

Nilifanya kazi hivyo miaka mingi. Nilifungua injini za mashine za kusaga, za mitumbwi, za malori yaliyokunywa maji njia ya Shinyanga. Spana yangu namba kumi na nne niliikata shingo na kuichomelea upya ili ifike kwenye nati za nozeli za nyuma. Mlikuwa mnaiazima wote na kuirudisha wachache. Nikapata jina. Watu walikuwa wanaleta gari wanasema, "Mama Kulwa alisikilize tu." Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Mtu akiambiwa ana masikio, anaacha kutumia mikono.

Kisha akaja Magesa. Ninyi mnamjua kama mkubwa wenu mwenye mvi, lakini wakati ule alikuwa mgeni, fundi pampu, mkimya, anakaa Buhongwa. Alikuwa ananawa mikono kabla ya kushika pampu kama anayekwenda kula. Mimi hilo lilinikera sana. Nikamwita Bwana Harusi. Niseme ukweli, maana nimeshastaafu na hakuna wa kunifukuza: alikuwa hodari, na mimi nilizoea kuwa hodari peke yangu.

Sasa sikilizeni habari ya van ya Mama Shija. Mama huyu alikuwa anachukua vifaranga wa siku moja hapa mjini na kuwavusha kwenda kwa wafugaji wa Sengerema. Wakati ule hakukuwa na daraja. Ulikwenda mpaka Kigongo, ukasubiri kivuko, ukavuka Busisi. Van yake ya dizeli ilichoma gasketi ya silinda hedi. Kazi tukagawana: mimi juu, hedi na valvu na njia ya hewa, Magesa pampu na nozeli. Nikamwambia Mama Shija, "Kesho saa mbili asubuhi utaikuta inanguruma." Hakuna aliyeniomba niseme saa mbili. Nilisema kwa kupenda sauti yangu.

Siku ile tunafunga, mchana, wingu la wadudu likatugeukia. Kila mtu mbio. Nikachana kipande cha khanga, nikakishindilia kwenye koo la kuingizia hewa mpaka ndani kabisa. Wadudu walipopita nikarudi kwenye kazi, na nilikuwa nimebakiza mpira wa hewa tu, kuuvalisha na kukaza bana. Simu ikalia. Kulwa. "Mama, Neema amekuwa wa kwanza darasani, hesabu amewafunika wote, wanatoa zawadi sasa hivi, njoo!"

Nikavalisha mpira, nikakaza bana, nikavua ovaroli, nikaondoka. Pale shuleni nilipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akaniomba nikae. Sikukaa.

(Neema, hapa ndipo uliposimamisha kalamu juzi ukanitazama. Endelea kuandika. Wewe ulikuwa wa kwanza. Kosa ni la miguu yangu.)

Asubuhi Mama Shija akaja saa mbili kamili, na vifaranga ameshawachukua. Maboksi ya matundu, yamepangwa kivulini, yanalia yote kwa pamoja. Kama hujawahi kufanya kazi huku vifaranga mamia wanalia mgongoni mwako, hujui haraka ni nini. Nikapiga stata. Ikazunguka vizuri. Haikuwaka. Nikapiga tena. Hata kukohoa haikukohoa.

"Magesa!" nikaita. "Njoo uangalie pampu yako."

"Shikamoo kwanza, Mama Kulwa."

"Marahaba. Pampu."

Akaja, amenawa. Akapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, akalegeza nati za mabomba, nikazungusha stata, dizeli ikaruka kama maziwa ya mbuzi, safi, haina povu. Plagi za kupasha moto akazipima, zote zinashika moto. Akanitazama kwa upole, na ule upole ndio ulinichoma. "Mama, mafuta yanafika. Hewa je?"

"Hewa iko Mwanza nzima," nikamjibu.

Watu wakacheka. Nikamwambia taimingi ya pampu, wakati wake wa kusukuma mafuta, imekaa vibaya, aitoe. Akasema alama zimekutana, amezitazama mara mbili. Nikasema aitoe. Akaitoa. Kazi ile ni ya saa nzima kwa mtu mwenye haraka, na Magesa haraka hana. Jua likapanda. Kivuli kikahama, tukahamisha maboksi, kivuli kikahama tena. Mama Shija alikuwa ameshapiga simu kutafuta gari jingine lililofunikwa, akaambiwa liko Magu na litarudi jioni. Kwenye pikapu ya wazi wangekaangika. Alikuwa anachovya vidole kwenye maji na kuwanyunyizia, boksi kwa boksi. Kisha akaanza kufungua vifuniko na kutoa waliokufa. Akawapanga chini kwa mstari, mmoja mmoja.

Pampu ikarudi mahali pake. Stata. Kimya. Na betri sasa ilianza kuchoka.

Mama Shija akanyanyuka na kifaranga mkononi. "Mama Kulwa. Nani amekosea?"

Palikuwa na watu wengi. Nikanyoosha spana. "Huyo hapo. Pampu kaifunga kama anafunga zawadi ya harusi."

Mzee Athumani alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni mbali, akawa anaona kwa masikio yangu. Akasema taratibu, "Magesa. Kusanya vyombo vyako, mwanangu. Siwezi kuua mali ya watu."

Magesa alifuta spana zake moja moja, akazilaza kwenye sanduku, akalifunga. Mke ana mimba, sote tulijua. Alipofika kwangu akasimama. Nilidhani atanitukana, nikawa tayari na langu. Akasema, "Mama Kulwa, kiganja chako hakijaenda nyuma ya gari leo." Akabeba sanduku begani, akaenda barabarani.

Wengine wakaondoka kutafuta betri ya kuazima. Mimi nikabaki na yale maneno. Nikajiambia nakwenda kumwonyesha kwamba anaongea upuuzi. Betri ilipoletwa, nikamwambia Mama Shija akae kwenye usukani, nikazunguka nyuma, nikapiga goti, nikaweka kiganja kwenye ekzosi. "Piga!"

Injini inazunguka, na kiganja changu hakiguswi. Hata pumzi ya mgonjwa. Nikajua kabla sijasimama.

Nikalegeza bana, nikavuta mpira wa hewa. Kijani. Korosho za njano.

Boneti ilikuwa wazi, Mama Shija hanioni. Mafundi wawili walikuwa wamegeuka wanakaza nyaya za betri. Nikakivuta. Nikakikunjua, nikakipima na khanga ilikochanika, nihakikishe ni kizima, hakuna uzi ulioingia ndani. Mkono ulifanya kazi ya fundi. Kisha mkono huohuo ukakiingiza mfukoni mwa ovaroli.

"Piga," nikasema. Ikawaka papo hapo, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Watu wakashangilia. Mzee Athumani akauliza, "Ilikuwa nini?"

"Imeshaisha, Mzee."

Akainamisha kichwa upande kama anavyofanya akisikiliza injini.

Nikapanda na Mama Shija mpaka Kigongo, nikisema nakwenda kuisikiliza njiani. Uongo mtupu. Nilikuwa siwezi kukaa gereji na siwezi kukaa kokote. Tulipofika Buhongwa nikamwona Magesa anashuka kwenye bodaboda, anashusha sanduku lake. "Simama," nikasema.

"Mama Kulwa, kivuko!" Na vifaranga wanalia nyuma. Hakusimama, na alikuwa na haki. Nikageuza shingo mpaka ikauma. Magesa hakuinua uso.

Kigongo tulikiwahi kivuko, mlango unataka kupandishwa. Mama Shija akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu aibariki. Mikono ileile. Kivuko kikaondoka na vifaranga waliobaki hai, na mimi nikasimama pale ufukweni nimeshika mfuko wa ovaroli kama mwizi aliyeshika kuku.

Nikarudi Buhongwa. Nyumba nilielekezwa. Magesa alikuwa uani amekalia sanduku lake, mkewe anachambua maharage. Sikukaa. Nikatoa kitambaa, nikamwekea gotini. Akakikunjua, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kilikuwa kwenye koo?"

"Kwenye koo."

"Sasa umekuja kufanya nini, Mama?"

"Kukuomba msamaha."

"Tusi ulinitukania wapi?"

"Gereji."

"Hapa Buhongwa hakuna aliyelisikia." Akanirudishia kitambaa.

Mkewe akasema, "Mpe mama maji kwanza." Nikanywa. Maji yale yalikuwa machungu, ingawa yalikuwa maji tu.

Asubuhi yake nilipiga ile rimu tunayogonga kuita watu kwenye uji. Wakaja na vikombe. Nikainua kitambaa juu. Nikasema hiki kilikuwa ndani ya koo la van ya Mama Shija, nilikiweka mimi, nikakisahau mimi, nikamsingizia Magesa, na nilipokipata nikakificha. Kuna aliyecheka, kisha akaacha. Mzee Athumani akaniita mbele ya kiti chake.

"Nilikufundisha nini cha kwanza?"

"Linazunguka, linapumua, linakula."

"Na wewe jana ulianza na lipi?"

"Nilianza na Magesa."

Adhabu ya gereji yetu mnaijua, ni ya tangu enzi zake: aliyemchafua mwenzake hufua ovaroli ya huyo mwenzake, palepale uani, mbele za watu. Nilituma mtu Buhongwa kuichukua. Nikaifua kwa sabuni ya mche, mikono ikaungua, na mafundi niliowafundisha wanapita wananiambia, "Pole na kazi, Mama." Siku ya pili Magesa akaja mwenyewe. Akaikagua.

"Kola bado," akasema.

Nikairudia kola, na Mzee Athumani akamrudisha Magesa kazini. Mama Shija naye nilimwambia aliporudi kutoka Sengerema. Alinitukana kwa Kisukuma, kwa utaratibu, kuanzia kwa bibi yangu, na sikumkatiza.

Magesa akachukua msumari, akakigongomea kitambaa ukutani juu ya benchi. Nilidhani ananianika, nikakasirika kimyakimya kama mwaka hivi. Lakini kuanzia siku ile hatukuziba tena tundu bila mkia. Mnafanya hivyo mpaka leo na hamjui ulikoanzia: kipande kirefu lazima kining'inie nje, na kingine cha nguo hiyohiyo kifungwe kwenye usukani. Stata haipigwi usukani ukiwa umevaa kitambaa. Mimi na Magesa tulifanya kazi pamoja miaka yote iliyofuata, na alipofariki Mzee Athumani, Mungu amrehemu, nilikuwa wa kwanza kusema gereji aishike Magesa. Bwana Harusi sikumwita tena. Niliacha siku niliyofua kola.

Siku mliyoniaga, mlinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu kuliko kazi yenyewe. Mlipokwenda kula, Magesa akapanda kwenye stuli, akang'oa msumari. Kitambaa kimefifia, korosho hazionekani. Alikuwa amekifua, amekikunja. Akaniwekea kiganjani. "Umemaliza, Mama."

Nikakiweka kabatini. Na tangu siku hiyo ndiyo nafungua mabomba mazima.

Wiki iliyopita Neema akarudi kutoka kazini, miezi sita tu ameshika spana, na nikisema ana mikono mizuri si kwa sababu ni wangu, ingawa ni wangu. Anakula, anasimulia. "Leo, Bibi, nimemwambia mwenzangu gari haiwaki kwa sababu yeye amefunga nozeli vibaya."

"Ulipima?"

"Sikupima. Nilijua tu."

Nikasimama. Akaniuliza naenda wapi, na mimi mwenyewe sikujua bado.

Kesho yake nikaja gereji, kama mlivyoniona, na nyundo yangu. Mlidhani nimekumbuka kazi. Nikapanda kwenye stuli. Magesa akaja mbio akaishika miguu ya stuli nisianguke.

"Mama, si tulishamaliza? Mimi nilikusamehe zamani."

"Mimi na wewe tumemaliza," nikamwambia. "Hawa ndio hawajaanza."

Neema alikuwa chini ya gari. Akatoa kichwa, uso una grisi mpaka kwenye nyusi. "Bibi, kitambaa hicho si chako?"

"Kilikuwa changu," nikasema, nikaupiga msumari.